Gari Lilipochoka Kitonga

Kutoka Dar es Salaam hadi Ruaha Mbuyuni, barabara kuu iendayo Zambia haimdai dereva makubwa. Inapita Kibaha na Chalinze, inaiacha milima ya Uluguru mkono wa kushoto pale Morogoro, inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, kisha inajipinda vilimani na kushuka kuelekea mto Ruaha Mkuu. Unakuwa umekwenda karibu kilomita 400 na bado uko chini, penye joto na mibuyu. Mbele yako umesimama ukuta wa milima, na ndani ya ukuta huo ndimo ilimo Kitonga. Hapo barabara inakupandisha mamia ya mita katika kilomita chache tu, mwamba upande huu na bonde upande ule, kona juu ya kona, na malori yenye mizigo ya Zambia na Kongo yakitambaa mbele yako kwa gia ya chini kabisa. Gari lenye kasoro linaweza kuificha kasoro hiyo Dar es Salaam miaka na miaka. Kitonga halina pa kuificha.

Njia hii nilikuwa naijua kwa dirisha la basi. Kuishika mwenyewe usukani, hiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza. Nilikuwa namrudisha mjomba wangu kwake Njombe baada ya matibabu ya macho, na kwa kuwa daktari alimkataza misukosuko ya stendi, tuliamua kwenda na gari langu. Mjomba ni dereva wa lori mstaafu. Alianza kama utingo, akapanda hadi usukani, na sehemu kubwa ya maisha yake ameimaliza kati ya bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma. Macho yake yalikuwa nyuma ya miwani myeusi siku hiyo, lakini masikio yalikuwa kazini tangu tunatoka Ubungo.

Gari lenyewe ni dogo, la petroli, injini ya sisi 1,500, gia otomatiki; lilinunuliwa likiwa limeshatumika Japani na umri wake umevuka miaka kumi. Mjini halikuwahi kunisumbua. Nililipeleka gereji kabla ya safari, likabadilishwa oili, breki zikakaguliwa, matairi yakapimwa upepo. Kila kilichoandikwa katika orodha ya gereji kilifanyika.

Mikumi tulipita asubuhi. Twiga walikuwa karibu na lami, nyani wamekaa kwenye kingo wakingoja wapita njia wenye tabia mbaya ya kuwatupia ndizi. Mwendo wa humo ni wa taratibu, na hapo mjomba akapata nafasi ya kunisimulia habari alizozipokea kwa madereva waliomtangulia. Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta ya kusini. Ikabidi mafuta yasafirishwe kwa malori kutoka Dar es Salaam, mapipa yamepangwa nyuma, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Masika malori yalizama kwenye tope. Kiangazi madereva walikula vumbi, na wengi walipoteza maisha milimani. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, mzigo ule ukapungua. Lami na reli ya TAZARA zikafuata. Nilimsikiliza kwa raha, nikiwa sijui kwamba saa chache mbele sisi wenyewe tungekuwa na tatizo la kupandisha mafuta mlimani: safari fupi kuliko zote, kutoka kwenye tangi la nyuma hadi kwenye injini ya mbele.

Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu, maana mtu hapiti pale mikono mitupu. Jua lilikuwa kali. Tuliporudi garini, likawaka kwa mguso mmoja, likatoka barabarani bila manung'uniko. Kwenye tambarare ya mibuyu lilikwenda kilomita 80 kwa saa likiwa tulivu kabisa.

Mlima ulipoanza, nikaongeza mafuta kama kawaida. Gia ikajishusha yenyewe, injini ikapaza sauti, tukapanda vizuri kona za mwanzo. Kisha nikahisi kitu ambacho dereva hukihisi mgongoni kabla hajakiona kwenye dashibodi: mguu unaongeza, gari haliongezi. Kilomita 50 kwa saa ikawa 40, ikawa 30. Nikakandamiza hadi chini. Hapo likaanza kukatakata, linavuta, linaachia, linavuta, linaachia. Taa ya injini ikawaka njano. Lori lililokuwa nyuma yetu, lenye trela ndefu, likapiga honi.

"Mjomba, usilikandamize," akaniambia bila kugeuza kichwa. "Legeza mguu, washa taa za hatari, tafuta penye upana."

"Mshale wa joto uko katikati, mjomba. Halijachemka."

"Vizuri. Basi si rejeta. Simama kwanza."

Tukapata mahali palipopanuliwa kando ya barabara. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikatoa vibao vya pembetatu na kuvipanga nyuma yetu, kimoja kikiwa mbali kabla ya kona. Mjomba akasisitiza nivunje na matawi, niyalaze pembeni ya lami chini zaidi, kwa kuwa dereva wa lori anayapokea matawi haraka kuliko kibao kidogo chekundu. Nilitii. Kitonga gari lililosimama vibaya linaweza kuua watu wengi, na injini iliyoishiwa nguvu ni jambo dogo mbele ya hilo.

Baada ya hapo tukaanza kuliuliza gari maswali, na kwa kuwa hatukuwa na chombo chochote, tulitumia masikio, pua na mikono.

Injini ya petroli ina mahitaji machache. Inataka hewa iingie, mafuta yaje kwa kiasi kinacholingana na hewa hiyo, cheche iruke kwa wakati wake, na moshi upate njia ya kutoka. Kwa mwendo wa kawaida uwiano ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Ukikandamiza mguu mlimani, kompyuta ya gari huamuru petroli zaidi ya hapo. Kimoja kati ya vile vinne kikipungua, nguvu inapungua. Kazi yote ya uchunguzi ni kujua ni kipi, na kila kimoja kina namna yake ya kulalamika.

Nikawasha. Injini ikaunguruma taratibu, haikutetemeka. Koili ikifa au plagi ikishindwa, silinda moja haichomi, na mara nyingi utaisikia hata gari likiwa limesimama: linatikisika, ekzosi inapigapiga. Yetu ilikuwa tulivu. Nikaweka gia huru, nikakanyaga mafuta: mshale ukapanda upesi hadi mizunguko 4,000. Njia ya moshi iliyoziba sana kwa kawaida huibana injini hata ikiwa haina mzigo. Inakuwa kama inakabwa, haipandi. Yetu ilipanda. Nikalifungua boksi la chujio la hewa, nikakuta vumbi la kutosha lakini si la kuziba, na bomba lake lilikuwa limekaza mahali pake. Hakukuwa na harufu ya petroli, na oili ilikuwa kwenye alama.

Mjomba akaniambia nizime, kisha nigeuze ufunguo bila kuwasha, naye akainamisha sikio kwenye kiti cha nyuma. Pampu ya petroli ya magari mengi ya siku hizi imo ndani ya tangi, chini ya kiti hicho, na huvuma kwa sekunde kama mbili ufunguo ukigeuzwa. Akaisikia. Akakaa kimya kidogo.

"Lori la dizeli likinifanyia hivi mlimani, mimi nilikuwa sikwendi kwingine. Nilikuwa nafungua filta ya mafuta. Hii yako sijui inachujia wapi, lakini ina njaa, mjomba."

Mimi nilikuwa nafikiria kimo. Jambo hili madereva wa pwani hatulijui vizuri, na linafaa kuelezwa. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Iringa mjini ni juu ya mita 1,500. Gari lenye nguvu za farasi 100 Kigamboni litakuwa na kama 85 pale, hata likiwa jipya kutoka kiwandani. Huo ni upungufu wa haki, hakuna fundi wa kuuondoa. Lakini unakuja polepole, haukatikati, wala hauwashi taa ya injini. Tena sisi tulikuwa bado hatujafika juu. Kimo peke yake kisingetufanya vile.

Tulipopumzika vya kutosha, tukawasha tena na kuondoka, na gari likapanda kwa nguvu kana kwamba hakukuwa na lililotokea. Dakika chache baadaye likaanza tena kufifia. Tukapumzika, likapata nguvu, tukapanda, likafifia. Hivyo hivyo, kwa kupumzika na kwa mguu mwepesi, hadi tukaumaliza mlima. Tabia ile ya kupata nafuu baada ya kuzimwa ilikuwa ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote, ingawa ilibidi tufike kwa mtu wa kuusoma.

Ilula, katikati ya matenga ya nyanya, kijana mmoja wa gereji ya kando ya barabara alitusikiliza kwa muda mfupi sana, akatoa hukumu: koili zote nne zimekufa, zibadilishwe pamoja na plagi, na masega ya ekzosi yatolewe ili gari lipumue. Alisema hayo kabla hajafungua boneti. Tukamshukuru, tukaendelea.

Kuhusu masega nitasema ninachoamini. Ndani ya boksi lile la ekzosi mna madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, yaliyopakwa kwenye vitundu vidogo vidogo ili kuipunguza sumu ya moshi. Ndiyo maana yana wanunuzi, na ndiyo maana siku hizi gari likisema tu halina nguvu, wako watakaokuambia yatolewe. Yapo masega yanayoziba kweli, hasa injini ikiwa inakula oili au imekwenda muda mrefu na silinda isiyochoma. Basi yapimwe, yakikutwa yameziba yabadilishwe, na kilichoyaziba kitibiwe. Kuyavunja kwa kubahatisha ni kumwibia mwenye gari mchana kweupe na kuwavutisha sumu watoto wanaovuka barabara.

Kabla ya Iringa tulipita Lugalo, ulipo mnara wa kumbukumbu ya tarehe 17 Agosti 1891, siku ambayo Wahehe wa Mkwawa waliliteketeza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Nilitamani kusimama. Barabara pale haikuwa kali, gari lilikuwa linakwenda, na mjomba akasema tusilizime mpaka tumfikie fundi.

Ipogolo ni chini ya mji wa Iringa, kwenye barabara kuu, mahali yanapolala malori. Wenyeji walituelekeza kwa fundi mmoja mwanamke aliyejifunza kazi VETA, wakasema yeye ana mashine na ana subira. Tulimkuta ameinama kwenye injini ya basi dogo. Akanawa mikono, akamsalimu mjomba kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene."

Akacheka kusikia salamu ya nyumbani, kisha akaanza kuuliza. Nimekaa kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam, na sijawahi kuulizwa maswali kama yale. Limeanza lini? Likiwa baridi au likiwa moto? Tambarare linakuwaje, na mlimani linakuwaje? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Kuna kilichobadilishwa hivi karibuni? Mlipozima na kuwasha, lilipata nafuu? Jibu la swali hilo la mwisho aliliandika kwenye kidaftari chake na kulipigia mstari.

Baada ya hapo ndipo akachomeka mashine yake chini ya usukani. Ikatoa namba P0171.

"Watu wengi wakiona namba wanadhani wameshapata jibu," akatuambia. "Hii inasema hewa imezidi mafuta. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa hewa inaingia kwa wizi mahali, inaweza kuwa sensa ya hewa imechafuka na inadanganya, inaweza kuwa mafuta hayafiki. Wengine wakiiona wanabadilisha sensa ya oksijeni, na sensa ya watu wala haina kosa, ndiyo iliyotoa taarifa."

Akatuonyesha kwenye kioo cha mashine namna kompyuta ya gari inavyojirekebisha. Kila injini ina kiasi cha mafuta kilichopangwa kiwandani. Kompyuta ikiona moshi una oksijeni nyingi, inaongeza, na inaandika imeongeza asilimia ngapi. Injini ikiwa imetulia, yetu ilikuwa imeongeza asilimia 3 tu, jambo la kawaida. Tulipotoka naye barabarani na kukandamiza mguu, ikaruka hadi asilimia 20 na zaidi. Akaeleza kwamba kama hewa ingekuwa inaingia kwa ufa wa mpira au gasketi, ingekuwa kinyume: ongezeko lingekuwa kubwa injini ikiwa imetulia, kwa kuwa hapo hewa ni kidogo na wizi mdogo unaonekana, na lingepungua kadiri injini inavyokimbia. Kwa hiyo ufa ukaondolewa kwenye orodha bila kufungua hata boliti moja. Mjomba, ambaye kwa miaka yote alikuwa anatafuta ufa kwa sikio na kwa maji ya sabuni, aliomba arudiwe maelezo hayo, na fundi akamrudia bila haraka.

Wakabaki washukiwa wawili, sensa ya hewa na mafuta. Akaichomoa sensa, akaitazama kwa tochi: waya wake ulikuwa safi. Akaleta geji ya presha ya petroli, akaiunga kwenye bomba kwa kiungo cha njia tatu, na kabla ya hapo akamfukuza kijana aliyekuwa anavuta sigara karibu na akasogeza mtungi wa kuzimia moto. Injini ikiwa imetulia, geji ikasoma PSI 44. Mifumo mingi ya petroli ya aina ile hutakiwa kuwa kati ya 40 na 50.

"Mnaona? Fundi mwingine angeishia hapa, angesema mafuta yako sawa," akasema. "Lakini ugonjwa wenu hauko hapa kwenye kivuli. Uko mlimani. Twende tukaupime huko huko."

Akalaza geji juu ya kioo cha mbele, akaibana kwa waipa na utepe, mpira wake akaufunga vizuri usiguse chochote cha moto. Tukaupanda mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini. Ni mfupi, lakini ni mkali. Mwanzoni mshale ulisimama penye 44. Gia iliposhuka na injini ikaanza kudai, mshale ukaanza kushuka: 40, 35, 30. Ulipofika chini ya 25, gari likaanza kukatakata vile vile kama Kitonga. Mimi niliyekuwa kwenye usukani niliyaona mambo yote mawili kwa pamoja, mshale ukianguka na mgongo ukihisi nguvu inaondoka, na mashaka yote yakaniisha. Mjomba aliuliza geji inasema nini. Nilipomwambia, akatikisa kichwa.

"Nilisema ina njaa."

"Ulisema kweli, baba," fundi akamjibu. "Sasa tujue nani anaizuia isile."

Kwa maana presha kuanguka kunaweza kuletwa na pampu iliyochoka, chujio lililoziba, bomba lililobinywa au hata waya wa umeme unaopata moto na kupunguza nguvu ya pampu. Akaupima umeme unaofika kwenye pampu, ukawa kamili. Alipolifungua tangi alifuata utaratibu ambao ningependa kila gereji iufuate: akachomoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini iendelee mpaka ijizime yenyewe, ili presha iishe kwenye mabomba, akafungua milango yote, akatoa waya wa betri, simu zikawekwa mbali. Kisha akainua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko, akaitoa pampu taratibu.

Chini ya pampu huwa kuna mfuko mdogo wa nyuzi nyeupe unaochuja petroli kabla haijavutwa. Wetu ulikuwa mweusi, umelala na kugandamana, kama kifumbu kilichosahaulika na machicha ndani. Petroli ilikuwa ikipita kwa kuomba. Chini ya tangi, alipomulika tochi, mlikuwa na tope la kahawia na chembe za kutu, masalia ya miaka mingi na ya vituo vingi.

Hapo kila dalili ikapata maelezo yake. Kwenye foleni za Dar es Salaam na tambarare za Mikumi, injini inataka petroli kidogo, na kidogo hicho kilikuwa kinapita. Kitonga inataka yote. Pampu ikavuta kwa nguvu, uchafu wa tangini ukaukimbilia mfuko na kuuziba zaidi, presha ikaanguka, mchanganyiko ukawa mkavu, mlipuko ndani ya silinda ukadhoofika. Tulipozima, mvuto ukaisha, uchafu ukadondoka chini, njia ikafunguka kwa muda. Ndiyo ile nafuu yetu ya kando ya barabara. Tungeendelea kulilazimisha namna ile kwa safari nyingi, tungeliharibu: mchanganyiko mkavu chini ya mzigo mkubwa hupandisha joto la silinda na unaweza kutoboa pistoni, na pampu inayovuta penye kizuizi hufa kabla ya siku zake.

Pampu yenyewe ilikuwa salama. Aliipima kwa kuiacha imwage petroli kwenye chupa yenye alama, ikatoa zaidi ya lita moja kwa dakika, basi hakutuuzia mpya. Akakausha tangi na kulisafisha, akaweka mfuko mpya na chujio jipya, pamoja na mpira mpya wa kifuniko, kwa kuwa wa zamani ukishavimba kwa petroli haukai tena. Chujio la hewa nalo akalibadilisha, akisema vumbi lile halikuwa kosa lakini halikuwa na faida. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko koili nne tulizoambiwa Ilula.

Tukaupanda tena ule mlima wa mjini, geji ikiwa pale pale kioo cha mbele. Mshale ulitikisika kidogo gia iliposhuka, ukarudi penye 44, ukakaa. Marekebisho ya kompyuta yalishuka yakawa asilimia 4. Namba ilifutwa na haikurudi.

Tulilala Iringa. Asubuhi tukashika njia ya Mafinga, tukapita misitu ya misonobari ya Sao Hill iliyosimama pande zote mbili, tukafika Makambako na kukunja kushoto kuelekea Njombe. Gari halikuwa na wepesi wa Dar es Salaam, na sasa nilijua kwa nini, wala sikulilaumu. Hewa ya kule ni nyepesi na injini inapumua kidogo. Lilivuta kwa utulivu, bila kukata, hata kwenye miinuko mirefu ya baridi karibu na mashamba ya chai. Mjomba alisinzia. Kwangu huo ulikuwa uthibitisho kamili, kwa kuwa masikio yale hayasinzii yakisikia kasoro.

Wewe unayejiandaa kupanda Kitonga, Nyang'oro, Sekenke au Lukumburu kwa gari la miaka mingi ambalo halijawahi kufunguliwa tangi, usiishie kwenye oili na breki. Mwambie fundi akague mfuko wa pampu na chujio la petroli, na akupimie presha gari likiwa linavuta mzigo mlimani, wala si likiwa limesimama kivulini. Na ukishaambiwa ununue koili au utoe masega, omba kwanza kuonyeshwa kipimo. Fundi asiye nacho, mshukuru, uendelee mbele.